Paka Sebuleni: Bahati, Uchawi au Pambo Tu?

Sanamu ya plastiki niliyoinunua Kariakoo ilitununisha mimi na mume wangu siku nne nzima. Kumbe ugomvi wenyewe haukuwa wa sanamu.

Basi bwana, yote yalianzia Kariakoo. Tulikuwa tumehamia nyumba mpya ya kupanga, ya pili tangu tufunge ndoa, na safari hii niliapa kwamba sebule itapendeza. Makochi tayari, zulia tayari, mapazia yametoka kwa fundi. Kilichobaki ni vile vikorokoro vidogo vidogo vinavyofanya nyumba iwe na sura ya wenyewe. Nikaingia kwenye duka moja la vitu vya Kichina, na pale kwenye shelfu nikamwona: paka mnene wa rangi ya dhahabu, anacheka, kengele shingoni, mkono mmoja unakwenda juu, chini, juu, chini, bila kuchoka. Muuzaji aliponiona nimesimama akaniambia, "Dada, huyo anaita hela."

Nani hataki hela? Nikalipa, nikamfunga kwenye gazeti, nikaondoka naye.

Mume wangu alirudi saa mbili usiku. Akavua viatu, akakaa, akanyoosha mkono kuchukua rimoti, ndipo akamwona juu ya meza ya tivii. Nilitegemea acheke. Badala yake aliinuka polepole, akausimamisha ule mkono kwa kidole, akasema, "Mke wangu, kitu hiki kitoke humu ndani leo."

"Jamani, si sanamu tu?"

"Leo," akarudia. Akaingia chumbani bila kula.

Asubuhi nilimkuta paka wangu ndani ya ndoo ya taka. Nikamtoa, nikampangusa, nikamrudisha kwenye meza. Jioni yuko kwenye ndoo tena. Nikamtoa tena. Hatukutukanana, hatukupigizana kelele. Tulinuna tu, watu wazima wawili wenye kazi zao na vyeti vyao, tunapishana kwenye korido kama wapangaji.

Siku ya tatu shangazi yake akapita kutusalimia. Akamwona paka, akaweka kikombe cha chai mezani. "Wanangu," akasema, "paka ndani ya nyumba? Mnataka watu waseme nini?" Mimi nikajisemea moyoni, haya, ushirikina umeingia mpaka sebuleni. Nikamwongezea chai, nikanyamaza.

Mwenzangu, laiti ningeuliza siku ileile alikuwa anamaanisha nini.

Kila mtu na paka wake

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu paka ni sehemu ya nyumba kama kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Anapita katikati ya mkeka watu wakila, anafukuzwa, anazunguka, anarudi. Madrasa tulifundishwa kwamba paka si najisi, na kwamba Abu Huraira, yule sahaba mashuhuri wa Mtume, jina lake hilo maana yake ni baba wa kipaka, kwa jinsi alivyokuwa na kipaka chake. Tulifundishwa pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Ukitembea vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar utawakuta wamejilaza barazani kama wenye nyumba. Na wahenga wa Pwani walishamaliza: paka wa nyumba haingwi.

Bibi yangu alikuwa na hadithi moja aliyopenda kutusimulia wakati anapepeta mchele. Hapo kale paka aliishi porini, akatafuta mtu mwenye nguvu wa kumlinda. Akafuatana na chui. Simba akaja, akamshinda chui, paka akahamia kwa simba. Tembo akamtimua simba, paka akahamia kwa tembo. Mwindaji akamwangusha tembo, paka akasema, huyu ndiye, akamfuata mpaka nyumbani. Mwindaji alipofika mlangoni mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Kuni ziko wapi?" Yule bwana akainamisha kichwa, akaweka silaha chini, akaenda kuchanja kuni. Paka akatazama, akapita pembeni kimya kimya, akaingia jikoni. Mpaka leo hajatoka.

Hadithi hii inasimuliwa kwa namna nyingi sehemu mbalimbali za Afrika, na nadhani kila bibi anaongeza chumvi yake. Kwangu mimi, paka alikuwa ni hiyo: jikoni, bibi, kicheko.

Sisemi kwamba watu wa Pwani hatuna hofu. Paka mweusi akilia juu ya bati usiku wa manane, hata kwetu atapatikana mtu wa kusoma dua haraka haraka. Lakini hofu hiyo inaisha kukicha.

Mume wangu anatoka Kanda ya Ziwa. Katika miaka yote ya uchumba na ndoa nilikuwa sijawahi kumuuliza, paka kwenu ni nani? Na nani anauliza swali kama hilo? Tunaulizana kabila, dini, mshahara, watoto wangapi. Ya paka hayamo.

Mbona wa kwenye friji humsemi?

Usiku wa siku ile ya tatu nilikuwa jikoni peke yangu, nimekasirika, macho yakatua kwenye mlango wa friji. Pale pana sumaku ndogo ya paka mweusi amekaa wima, hereni za dhahabu masikioni. Nilimnunua London, ofisi iliponipeleka kwenye mafunzo ya wiki mbili, dukani pale British Museum. Huyu amekaa kwetu tangu tukiwa wachumba. Kila asubuhi mume wangu anafungua friji, anachukua maziwa, anafunga, wanatazamana uso kwa uso. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Sasa huyu ana nini, na yule wa dhahabu ana nini?

Nikafungua kompyuta. Nilikusudia kutafuta hoja za kumshinda. Nikaishia kusoma mpaka saa nane usiku.

Yule wa kwenye friji ni nakala ya sanamu ya shaba nyeusi kutoka Misri ya kale, yenye miaka kama 2,600 na kimo cha sentimita 42 hivi. Anaitwa paka wa Gayer-Anderson, kwa jina la ofisa wa Kiingereza aliyemmiliki kabla ya kumpa British Museum. Nilipata kusimama mbele yake: pete ya dhahabu puani, hereni masikioni, kifua mbele, kama bibi harusi anayejua kapendeza. Sanamu za aina hiyo zilihusiana na Bastet, mungu wa kike ambaye mwanzoni alichorwa na kichwa cha simba, baadaye akawa paka. Mji wake mkuu ulikuwa Bubastis, kwenye Delta ya Nile. Mgiriki Herodotus, aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema paka wa nyumbani akifa Misri, watu wote wa nyumba ile walinyoa nyusi zao kwa msiba. Na unajua walimwitaje? Miu. Sisi tunamwita nyau. Ni paka mwenyewe aliyejitaja, watu wakaandika walichosikia.

Halafu fikiria hili. Paka hawa wa nyumbani unaowaona duniani kote, hadi yule mwenye manyoya kama mto anayelala kwenye kochi la Paris, asili yao ni paka mwitu wa Afrika, ambaye hata leo yupo kwenye mbuga zetu, Serengeti ikiwemo. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2007 vilimtaja yeye, wa upande wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, kuwa ndiye babu yao. Kwa hiyo tunayemwogopa ni ndugu yetu wa damu, mtoto wa bara hili.

Lakini mwanadamu ni kigeugeu. Wamisri waliwakausha paka kwa dawa, wakawavisha vitambaa, wakawazika kwa maelfu kama sadaka. Mwaka 1890 shehena ya maiti kama 180,000 za paka hao, tani zipatazo 19, ilishushwa Liverpool, Uingereza. Kwenda wapi? Kusagwa kuwa mbolea. Leo sadaka, kesho samadi, na paka ni yuleyule.

Anaita, haagi

Nikahamia kwa mtuhumiwa mwenyewe, yule wa dhahabu. Kwanza, si Mchina. Ni Mjapani, anaitwa maneki-neko, yaani paka anayeita. Alianza kupata umaarufu mjini Edo, Tokyo ya leo, na kuna picha ya mchoraji Hiroshige ya mwaka 1852 inayoonyesha kibanda kinachouza paka wa namna hiyo.

Hadithi yake inayojulikana zaidi ni ya hekalu la Gotokuji, Tokyo. Inasemekana hekalu hilo lilikuwa masikini kabisa, na mtawa wake alikuwa akigawana chakula chake kidogo na paka. Siku moja katika karne ya 17 Ii Naotaka, mtawala wa Hikone, alikuwa amejikinga chini ya mti, mvua inakuja. Akamwona paka mlangoni anainua mkono kama anamwita. Akaenda kuangalia kulikoni. Punde radi ikaupiga ule mti. Mtawala akalifadhili hekalu lile, na shida zikaisha. Leo watu wanaliendea na kuacha pale sanamu ndogo nyeupe za paka, mamia kwa mamia, zimepangwa kwenye ngazi za mbao. Kitu kilichonigusa ni kwamba paka wa Gotokuji hashiki sarafu, tofauti na wenzake wa dukani. Wanasema yeye haleti mali, analeta nafasi. Kuitumia ni kazi yako.

Wengine wana lugha yao: mkono wa kulia juu unaita pesa, wa kushoto unaita wateja. Mweupe ni wa heri, wa dhahabu ni wa fedha, na mweusi, usicheke, ni wa kufukuza mabaya. Hebu msome tena huyo wa mwisho. Paka mweusi, kinga ya nyumba.

Na ule mkono wenyewe. Mtu wa Dar akimwona anasema anapunga. Pwani kwetu neno kupunga lina mambo yake, maana hata pepo hupungwa, kwa hiyo ukisema paka anapunga sebuleni unajitafutia matatizo. Kumbe hapungi. Wajapani wakimwita mtu kiganja kinatazama chini, vidole vinakunjwa kuelekea kwao. Kama sisi hasa! Wazungu wengi huita kwa kiganja kikitazama juu, ndiyo maana wakimwona wanadhani anawaaga, na baadhi ya paka waliotengenezwa kwa soko la Marekani wamegeuzwa mkono. Mimi na Mjapani tunaelewana bila mkalimani.

Si kwamba Wajapani hawamwogopi paka. Wanazo hadithi za paka aliyezeeka sana, mkia ukagawanyika mara mbili, akaanza kugeuka mtu na kusumbua nyumba. Lakini hofu hiyo haikuwazuia kumpa nafasi ya heshima. Kwenye hekalu la Tosho-gu, Nikko, alipozikwa mtawala Tokugawa Ieyasu, kuna mchongo mdogo wa mbao wa paka aliyelala. Ukizunguka nyuma yake unakuta wamechongwa shomoro wanacheza. Wengi wanausoma hivi: paka akilala na shomoro wakacheza, basi nchi ina amani. Nikatazama mlango wa chumbani uliofungwa, nikasema, kwangu hapa shomoro hawachezi.

Zawadi ya maharusi

Niliendelea kutafuta, na kila nchi ilikuwa na paka wake. Thailand kuna paka wa Korat, manyoya rangi ya wingu la mvua, ambaye kwa desturi wanandoa wapya hupewa wawili pamoja ili ndoa iwe na heri. Wana hata vitabu vya kale vyenye picha za rangi, vinavyoeleza paka yupi wa baraka na yupi wa nuksi. Warusi wakihamia nyumba mpya humtanguliza paka kuvuka kizingiti kabla ya mtu yeyote. China, mzee akitimiza miaka mingi anaweza kupewa picha ya paka na kipepeo, kwa sababu majina ya viumbe hao wawili kwa Kichina yanasikika kama maneno ya mtu aliyefika miaka 70 hadi 90. Uingereza paka mweusi akikatiza mbele yako watu wengi wanahesabu ni bahati. Vuka bahari uende Marekani, paka huyohuyo ni mkosi.

Lakini aliyenitoa machozi ni Mwingereza mmoja, mchoraji Louis Wain, aliyezaliwa mwaka 1860. Baba yake alifariki mapema, akabaki yeye kuwatunza mama na dada zake watano. Akampenda Emily Richardson, mwalimu aliyekuwa akiwafundisha dada zake nyumbani, aliyemzidi umri kwa miaka 10. Familia haikufurahi. Wakaoana hivyohivyo, mwaka 1884. Haukupita muda Emily akapatwa na saratani ya matiti.

Walikuwa wamemchukua kipaka mmoja wa mtaani, mweusi na mweupe, wakamwita Peter. Emily akiwa kitandani, Louis alikuwa akimchora Peter katika kila pozi ili mkewe acheke. Emily ndiye aliyemsukuma azipeleke picha zile zichapishwe. Mwaka 1886 gazeti la Illustrated London News likatoa mchoro wake wa sherehe ya Krismasi ya paka, wapo 150 ndani yake, akawa gumzo. Mwanzoni mwa mwaka 1887 Emily akafa. Louis akaendelea kuchora paka miaka yote iliyobaki: paka wanakunywa chai, paka wanacheza gofu, paka wamevaa suti, hata paka wa kauri wa rangi kali aliowabuni mwaka 1914. Baadaye akili ilimsumbua, akaishia wodi ya masikini ya hospitali ya wagonjwa wa akili, mpaka mwaka 1925 watu mashuhuri, akiwemo mwandishi H. G. Wells, walipoendesha mchango apate mahali pazuri zaidi. Alifariki mwaka 1939.

Ukiona kadi ya paka aliyevaa tai, hiyo ni kazi ya watu waliofuata nyayo za mwanamume aliyekuwa anatafuta mkewe acheke siku moja zaidi. Na mimi nilikuwa simsemeshi wangu aliye mzima, aliye hatua kumi kutoka nilipokaa.

Bibi na paka mweusi

Usiku wa nne nilikuwa nimefika kwenye upande wa giza. Mwaka 1233 Papa Gregory IX alitoa barua, Vox in Rama, iliyomweka paka mweusi katikati ya ibada za waasi wa dini. Miaka ikaenda, Ulaya ikaingia kwenye kuwinda wachawi. Mwaka 1566, huko Chelmsford, Uingereza, alinyongwa mjane mwenye miaka 60 na kitu, Agnes Waterhouse. Ilidaiwa alikuwa na paka aitwaye Sathan aliyemtuma kudhuru majirani na mifugo yao.

Nikasikia mlango. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na glasi ya maji.

"Unasoma nini usiku wote huu?"

Sikuwa na nguvu ya kuendelea kununa. Nikamsomea. Mjane, paka, ng'ombe za jirani, kamba. Nikafika mahali pasemapo kwamba miongoni mwa waliotoa ushahidi mahakamani alikuwepo mtoto wa kike wa miaka 12.

"Mtoto?" akauliza.

"Wa miaka 12."

Akavuta kiti, akakaa. Akakaa muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa na 7."

Bibi yake mzaa baba alikuwa mjane, kijijini kwao, na alikuwa na paka mweusi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wanawake wengi waliokaa miaka mbele ya moshi wa kuni na samadi iliyokaushwa. Mume wangu alilelewa naye. Msimu mmoja ng'ombe wa jirani walikufa, wakaanza kutafuta wa kumbebesha. Watu wazima wakamwita yule mtoto pembeni, wakampa muwa, wakamuuliza, bibi yako usiku huwa anaongea na nani?

"Nikawaambia anaongea na paka," akasema mume wangu. "Na ni kweli alikuwa anaongea naye. Alikuwa anamsimulia mambo ya siku nzima. Alikuwa mpweke tu."

Hukumu haikuhitaji shahidi mwingine. Paka alipigwa mawe. Bibi aliokolewa na wanawe, wakamtoa usiku wakampeleka mjini kwa binti yake. Aliishi huko miaka mingine sita, hakurudi tena kwenye nyumba yake wala shamba lake, na alizikwa ugenini. Binti yake ndiye yule shangazi. "Mnataka watu waseme nini?" Hakuwa anamwogopa paka. Alikuwa anawaogopa watu.

Sote tunazijua habari za vikongwe waliouawa nchini mwetu, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu tu ya macho mekundu na maneno ya mitaani. Tunazisoma gazetini, tunasikitika, tunafunua ukurasa wa michezo. Mimi nilikuwa nalala na mtu aliyeibeba habari hiyo tangu utotoni, halafu nikamwita mshirikina moyoni mwangu kwa sababu hakupenda pambo langu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningeanzia wapi? Ningekuambia, karibu kwetu, mimi ndiye niliyemsema bibi yangu?"

Tulilia, sikufichi. Kisha akamtazama yule paka wa dhahabu ambaye mkono wake ulikuwa umesimama tangu siku ile ya kwanza. Nikamweleza habari ya kiganja, kwamba haagi, anaita. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, kiganja chini, akakunja vidole mara mbili. "Bibi alikuwa ananiita hivi," akasema, "chakula kikiiva. Hata kule mjini, baada ya yote yale, aliendelea kuniita hivihivi."

Kabla hujampa paka nafasi sebuleni

Ndugu msomaji, haya niliyojifunza si ya paka peke yake. Ni ya kila kinyago, picha, shanga na ua la plastiki unalotaka kuliingiza kwenye nyumba ya watu wawili.

*Uliza kabla ya kununua.* Simu moja tu: "Mpenzi, nimeona kitu fulani hapa, unakionaje?" Sebule si yako peke yako hata kama hela ni yako.

*Mwenzako akikataa, usikimbilie kumcheka.* Uliza, "Kinakukumbusha nini?" Usiulize, "Unaogopa nini?" Swali la kwanza linafungua mlango, la pili linaufunga.

*Jua asili ya kitu chako.* Mgeni akiuliza huyu paka ni wa nini, uwe na jibu. Pambo lenye hadithi linapendeza kuliko pambo la bei mbaya.

*Usigeuze pambo kuwa mganga.* Maneki-neko hakulipii kodi ya nyumba. Hata Wajapani wa Gotokuji wanasema yeye anatoa nafasi tu.

*Ukiwa mwenye kukataa, sema sababu.* Ndoo ya taka si lugha. Mume wangu amenipa ruhusa ya kuandika hilo.

*Na wakubwa wakitoa neno, wasikilize mpaka mwisho.* Wakati mwingine kinachosikika kama ushirikina ni kidonda.

Mwisho wa yote

Mwezi uliofuata tulikwenda kwa shangazi, tukala naye chakula cha mchana, na mume wangu akamweleza kile alichowaambia watu akiwa na miaka 7. Alikuwa hajawahi kukitamka mbele ya ndugu yeyote. Shangazi aliendelea kuchambua mchicha kwa muda, hakuinua kichwa. Kisha akasema, "Baba, tulijua. Mama naye alijua. Wewe ulikuwa mtoto umeulizwa, ukajibu. Walioamua ni watu wazima." Akaongeza, "Mama alisema usiambiwe kitu, usije ukakua na mzigo." Mzigo aliubeba miaka yote hiyo, naye shangazi akaubeba wa kwake, wote wawili wakiogopana.

Yule paka? Hatukumrudisha sebuleni. Mume wangu alisema bado, na mimi sikubishana. Yuko jikoni, dirishani, juu ya mtungi wa mchele, pale ambapo hadithi ya bibi yangu ilimweka tangu zamani. Betri aliiweka mwenyewe, Jumamosi moja asubuhi, bila kuniambia. Niliingia kuchemsha chai nikakuta mkono unakwenda juu, chini, juu, chini.

Hela bado hazijaja. Lakini tukikaa mezani jioni siku hizi, sahani ni moja.